Roboti ya hatua hamsini na kibao kimoja kisichokaa

"Shikamoo fundi. Ni mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka 36, na tangu utotoni napenda roboti zinazojigeuza gari, zile Transformers. Mwezi uliopita shemeji yangu aliniletea moja kubwa kutoka Dar, lile lori jekundu na buluu la kwenye filamu. Ni ya mtumba lakini haina hata mchubuko. Nilimpa laki tatu na themanini. Haikuja na kijitabu. Kuitoa kwenye roboti kwenda lori kulinichukua saa mbili na robo, nikifuata video kwenye simu, na bado kibao cha paa upande wa kulia hakikai. Kimesimama kama kucha iliyong'oka. Nilipokibonyeza kikalia 'tak', na sasa penye bawaba pana alama nyeupe. Nimelifunga lori lote kwa raba bendi mbili nikaliweka dirishani. Rafiki yangu mmoja ananiambia nipashe moto kwa drya ya nywele, mwingine anasema nipake mafuta ya alizeti. Mke wangu anacheka, anasema nimenunua adhabu. Je, mkono wangu ni mzito, nimeuziwa feki, au vitu hivi siku hizi vinatengenezwa vigumu makusudi? Na kijana wangu wa miaka saba analia achezee. Nimpe?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla hatujaenda mbali, inuka ukazitoe hizo raba bendi, na lori lishushe dirishani. Sababu nitakupa huko chini. Ukizitoa kibao kitafumuka tena, kiache kifumuke.

Sasa tukae. Umeuliza kama kosa ni la mkono wako, la aliyekuuzia au la aliyebuni. Kwa ninavyoona, sehemu kubwa ni la aliyebuni, sehemu ndogo ni la mkono, na shemeji yako namwamini mpaka nione kinyume. Saa mbili na robo kwa mara ya kwanza, tena bila kijitabu, si aibu hata kidogo. Mimi nilikaa miaka kumi na moja kiwandani Dar nikihudumia mashine za kusindilia plastiki kwenye moldi, yaani kalibu ya chuma inayoipa umbo, na sasa nakula kwa kurekebisha vitu vidogo hapa Majengo. Pamoja na hayo, niliwahi kukaa na roboti ya aina hiyo tangu adhana ya alasiri mpaka taa za barabarani zikawaka.

Tuanze na hilo la "vigumu makusudi", maana ndilo linalozaa mengine yote.

Roboti hizi zilipoingia sokoni Marekani mwaka 1984, kampuni ya Hasbro haikuzibuni kutoka sifuri. Ilichukua matoi yaliyokuwa yakiuzwa tayari Japani na kampuni ya Takara, mengi yakitoka kwenye mfululizo ulioitwa Diaclone, ikayapa majina na hadithi mpya. Ukilishika lile lori la kwanza unaelewa mara moja aliyelibuni alikuwa anafikiri nini. Vioo vya mbele vya lori ndivyo kifua. Ubavu wa kichwa cha lori unafunguka kuwa mikono. Nyuma inanyooka kuwa miguu. Ngumi unazichomeka mwenyewe, kichwa kinapinduka kutoka ndani, basi. Mtoto anamaliza kabla chai haijapoa. Likishakuwa mtu, linasimama kikavu kama askari wa gwaride. Lakini kila kipande unachokiona kwenye roboti ulikiona kwenye lori, na hakuna kilichofichwa.

Watu wakataka roboti inayopiga goti na kugeuza shingo. Mwaka 1996 wakaja wale wanaojigeuza wanyama, Beast Wars, na hapo viungo vya gololi vikawa jambo la kawaida: kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chake, kama nyonga yako. Mwaka 2003 Takara ikaanzisha mfululizo wa Masterpiece, wa watu wazima wanaokusanya. Halafu 2007 ikaja filamu ya waigizaji halisi, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Roboti ile ya kwenye filamu haikuwahi kuwa kitu cha kushika. Ilikuwa picha ndani ya kompyuta, na roboti ya lori hilo peke yake iliundwa humo kwa vipande 10,108. Kwenye kompyuta kipande kinaweza kunywea, kikapita katikati ya kingine, kikajificha mahali ambapo hapana nafasi kabisa, na hakuna atakayegundua kwa sababu yote hutokea kwa sekunde mbili tatu. Mbunifu wa toi akapewa picha hiyo akaambiwa: tengeneza, isimame mezani, ifanane. Yeye hana plastiki ya kunywea. Alichonacho ni bawaba. Basi akakata ganda la lori vipande vipande, akavipa kila kimoja bawaba yake, akavikunja mgongoni, ndani ya paja, chini ya kwapa. Hivyo ndivyo vibao (si vile vya shavuni, ingawa najua vingine vimekuumiza zaidi). Lile lori kubwa lililotoka na filamu ya pili mwaka 2009 bado watu wanalisimulia kwa namna mbili: kuna wanaosema halijapata mfano, na kuna waliolifikisha lori mara moja wakaapa hawarudii.

Halafu sisi wanunuzi tukaongeza chumvi. Tukaanza kusifu idadi ya hatua za kuigeuza. Siku hizi hata maboksi huandikwa hatua ngapi, na mtu anajivunia hatua hamsini kama vile ni nguvu za farasi. Hapa ndipo ninapotaka ubadili mawazo, kama utabadili lolote leo. Hatua nyingi hazimaanishi kitu bora. Ninapoishika roboti mpya huwa najiuliza: hatua hii inabadili umbo, au inaficha tu uchafu wa hatua iliyopita? Ukizungusha kiuno na papo hapo magurudumu yakaingia ndani ya mguu, hiyo ni hatua moja iliyofanya kazi mbili, na aliyeibuni alilala vizuri usiku huo. Ukikunja vibao vinne ili tu visionekane mgongoni, hizo ni hatua nne za kufagia takataka chini ya mkeka. Ndiyo maana kwenye Masterpiece mimi bado nalipenda zaidi lori la 2011 kuliko lile la 2019, ingawa la 2019 ukiliweka kabatini limefanana na lile la kwenye katuni ya Transformers kuliko yote. La 2011 hugeuka bila ugomvi. Najua wapo watakaonitukana kwa hilo. Watanisamehe.

Sasa kibao chako. Umewahi kufunga begi la safari alfajiri, treni inakusubiri? Nguo ni zilezile ulizokuja nazo, begi ni lilelile, lakini zipu haifungi. Unabonyeza, unalikalia, zipu inagoma. Kumbe kosa si la zipu. Ni kiatu kimoja kilicholazwa ubavu kule chini kabisa. Kibao chako cha paa ndiyo hiyo zipu. Kinakaa mwisho, kwa hiyo kinabeba makosa ya wote waliotangulia.

Ngoja nikuonyeshe makosa hayo yanatoka wapi, maana mengine si yako. Plastiki ikiingia kwenye moldi ni ya moto, ikipoa inanywea. ABS, ile plastiki ngumu ya maganda, hunywea takribani nusu asilimia. Poliasetali, ile yenye utelezi inayotumika kwenye viungo, hunywea karibu asilimia 2. Mchonga moldi anajua hilo na anaacha nafasi, lakini hawezi kuwa sahihi kwa kila kipande, kila siku, kwa kila joto la mashine. Kwa hiyo kila kipande kinaruhusiwa kosa dogo. Tuseme 0.1 mm, unene wa karatasi moja ya daftari. Ni kitu kidogo sana. Sasa panga vibao kumi na mbili vinavyoegemeana. Makosa mengine yatafutana, mengine yatajumlishana, na siku mbaya yakijumlishana yote unapata 1.2 mm. Kadi yako ya benki ina unene wa 0.76 mm. Yaani mwisho wa safari kibao chako kinaambiwa kipite mahali ambapo kadi nzima na nusu ya nyingine imesimama. Bado hujaweka rangi, maana kila ulimi uliopakwa rangi umeongezeka unene, na tundu lililopakwa rangi limepungua upana.

Lori la 1984 halikuwa na shida hiyo. Si kwamba liliundwa kwa ustadi kuliko la leo, hapana. Lilikuwa tu na vipande vichache vya kukoseana.

Kosa lililo la mkono ni dogo kuliko unavyodhani, na ndilo gumu kulikamata. Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea roboti kama yako ndani ya mfuko wa kitenge, akaiweka mezani polepole kama anashusha mayai. Paa la kushoto limesimama. Nikajaribu kulibonyeza kidogo, likagoma. Nikarudi hatua moja: mlango. Umekaa. Hatua nyingine: bega limeingia mpaka meno yakalia kr-kr. Sawa. Kiwiko sawa. Nikachukua tochi ya simu nikamulika kwenye ufa kati ya mlango na boneti. Ndani kule, ngumi ya roboti ilikuwa imelala vizuri kabisa, imekunjwa, imeingia mahali pake, ila kidole gumba kilitazama nje badala ya ndani. Kidole chenye ukubwa wa punje ya mtama! Kilikuwa kimeusukuma mkono milimita mbili, mkono ukasukuma bega, bega likasukuma mlango, mlango ukanyanyua paa. Nikatoa vyote, nikageuza ngumi nusu mzunguko, nikarudisha. Paa likashuka kwa uzito wa kidole kimoja, likalia "tik".

Hiyo "tik" ndiyo sauti unayoitafuta. Yako ililia "tak", na alama nyeupe ikafuata. Tusidanganyane hapo. ABS ina chembechembe za mpira ndani yake ili isivunjike kama kioo. Ukiivuta kupita kiasi, ndani panafunguka vijishimo na nyufa ndogo sana zisizoonekana kimoja kimoja, ila kwa pamoja hutawanya mwanga, ndiyo weupe unaouona. Maana yake plastiki haijakatika, lakini imeshavutwa. Bawaba hiyo inaweza kukutumikia miaka ukiihurumia, au ikakatika Jumapili ijayo ukiilazimisha mara nyingine.

Kutokana na hilo, ushauri wa drya weka kando. Joto lina kazi yake. Upanga au pembe ya plastiki laini iliyopinda, ukiitia kwenye maji ya moto ukainyoosha na kuipoza kwenye maji baridi, inakaa sawa. Lakini bawaba ya ABS haijapinda. Imebanwa na kitu kingine. Ukiipasha unailainisha ili ikubali kukaa mahali pasipo pake, na ikipoa imejifunza kosa. Weupe unaweza hata kufifia kwa joto, ukadhani imepona. Nguvu hairudi.

Mafuta ya alizeti ni mabaya zaidi, nasema hivyo nikijua kwamba kwetu huku kati alizeti ndiyo dawa ya kila kitu. Plastiki iliyo kwenye mkazo ikipakwa mafuta ya kula, mafuta huingia kwenye zile nyufa ndogo na kuzifungua. Inaweza kuchukua siku au wiki, halafu unakuta kipande kimejikata chenyewe juu ya kabati wakati hakuna aliyekigusa. Vivyo hivyo vilainishi vya kupuliza vya mlangoni na garini. Kinachofaa ni mafuta ya silikoni tupu, tone moja kwenye ncha ya kijiti cha meno, kwenye pini, si kwenye ganda. Na asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, isikaribie meza hiyo. Inayeyusha ABS mbele ya macho yako.

Raba bendi sasa. Plastiki iliyobanwa muda mrefu hujinyoosha polepole kufuata mbano, hata kama mbano ni mdogo, na ukiuondoa hairudi yote. Bawaba yako iliyojeruhiwa ilikuwa inavutwa usiku na mchana. Raba yenyewe ikizeeka inanata na kuacha mstari wa kahawia usiotoka. Na jua la dirisha la Dodoma hulijui? Mionzi yake hugeuza plastiki nyeupe ikawa rangi ya meno ya mvuta sigara, na vibandiko vikaanza kujikunja pembeni.

Kuna adui mwingine ambaye hukumtaja, na kwetu yupo kila nyumba: vumbi. Upepo wa kuanzia Julai huingiza ndani udongo mwekundu wenye punje za mchanga. Punje hizo zikiingia kwenye kiungo cha gololi zinafanya kazi ya msasa. Kila unapokunja goti unasaga kidogo, na baada ya mwaka roboti haisimami tena, inainama kama mlevi. Piga brashi laini kabla ya kugeuza, si baada. Ikibidi kuosha, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikiwa haina taa wala betri ndani, kisha ikauke kabisa, maana pini nyingi ni za chuma na chuma kikilowa kinaota kutu ndani ya tundu ambako hukioni.

Sasa kazi yenyewe. Tandika taulo jeupe mezani ili pini ikidondoka uione. Usianze na kibao cha paa. Kisahau. Rudisha lori kuwa roboti kamili, na unaporudisha iweke simu kwenye kopo ijirekodi yenyewe. Kurudi ni rahisi kuliko kwenda, kwa sababu vitu vinafunguka badala ya kubanana, na ukiitazama video hiyo ukaisoma kinyumenyume utapata kijitabu chako mwenyewe, cha roboti yako, chenye mikono yako. Ikisimama roboti, chunguza jozi: kulia na kushoto vinafanana? Ngumi, nyayo, kiuno, kila kimoja mpaka kigonge mwisho wake. Kiungo cha meno kikibaki jino moja nyuma kwa macho huoni, lakini kwa sikio unasikia. Kisha nenda kwenye lori polepole, na hapa ndipo penye ujanja: usikifunge kibao chochote kikamilifu mpaka vyote viwe karibu na mahali pake. Vilegeze vyote, visogeze pamoja, halafu anza kubana kutoka katikati kwenda nje. Wengi hufunga upande wa kushoto ukang'aa, ndipo waanze kulia. Kulia hakuwezi kukaa, kwa sababu kushoto kumeshajitwalia nafasi ya wote.

Kibao cha paa kikifika zamu yake kikagoma, usikibonyeze. Chukua tochi, tafuta gumba lako. Mkono wako mwingine ushike bawaba yenye weupe kwa kuibana pande mbili, isijipinde peke yake. Ukiona umefikia kutumia kidole gumba na kusaga meno, simama, ukanywe maji.

Kuhusu feki: sijakiona kitu chako kwa macho, kwa hiyo siapi. Tazama ndani ya paja au chini ya nyayo kama kuna maandishi madogo ya mtengenezaji yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe, si ya wino. Linganisha urefu na ule uliotangazwa, maana kopi nyingi hukuzwa kidogo kupita original. Tazama skrubu: zilizoliwa vichwa zinakuambia kuna mtu alishafungua kabla yako. Lakini usijidanganye kwamba ikiwa original ndiyo haikosei. Nimepokea original iliyotoka kiwandani na kipande cha kulia kimefungwa kushoto, mwenyewe akahangaika miezi akidhani ana mikono ya mbao. Ukigundua kwamba umbo la kibao chako limepinda upande usiofanana na pacha wake, usiendelee kujaribu. Hiyo ni ya kufunguliwa.

Kuna mambo matatu unayoweza kufanya nayo, na nitakupa uzito wa kila moja. Unaweza kuiacha roboti daima. Wakusanyaji wengi hufanya hivyo kimyakimya, kabati limejaa lori zisizowahi kuwa lori, na hakuna ubaya. Bawaba yako itakushukuru. Ila nawe umelipa laki nne kasoro kwa kitu kinachogeuka, halafu hakigeuki. Unaweza kuigeuza mara mbili tatu kwa mwaka, kwa nafasi, ukiwa umeshiba na hujagombana na mtu. Hilo ndilo ningelifanya mimi, kama bawaba imekubali baada ya jaribio la pili. Au unaweza kuiuza ukatafuta lori rahisi zaidi. Ukiuza, ionyeshe alama nyeupe kwenye picha, kwa karibu. Atakayenunua bila kuambiwa ataisikia "tak" ya pili akiwa kwake, na mji huu ni mdogo.

Kuna ya nne, ambayo wapenzi wa kweli huizomea: kama kibao kimeshikwa kwa kiungo cha gololi, unaweza kukichomoa kabisa, ukamaliza lori, ukakirudisha mwisho. Ni kudanganya kidogo. Mimi hudanganya.

Lini umtafute mtu wa kukaa naye uso kwa uso? Weupe ukigeuka mstari unaoweza kuusikia kwa ukucha, huo ni ufa, acha kuigusa. Pini ikianza kuchungulia upande mmoja, usiipige nyundo. Fundi saa ana kijisumari cha kusukumia pini za mkanda, na mkono wake umezoea. Skrubu ndogo iliyoliwa kichwa, fundi simu. Ila umwambie mapema asitie gundi ya kukausha haraka popote karibu na vioo, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Viungo vikilegea, watu hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye gololi. Inafanya kazi, lakini kiyeyusho chake kinaila ABS taratibu. Vanishi ya akriliki ya maji, tabaka moja, ikauke usiku kucha, ni salama zaidi.

Nimebakiza kijana. Hii yako, usimpe mkononi. Si kwa sababu ataivunja, ingawa ataivunja. Masterpiece, kwa mfano, huwekewa alama ya miaka 15 na kuendelea. Vibao hivyo vina kingo kali, na bawaba zinabana vidole. Halafu angalia kama ina taa. Nyingine hutumia betri ndogo za duara kama kifungo cha shati. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, au skrubu imepotea, zitoe leo uzifungie juu. Betri ya kifungo ikimezwa inaweza kuanza kuunguza koo ndani ya saa mbili tu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usisubiri aonyeshe dalili, usimtapishe, nenda hospitali hapohapo.

Mtafutie yake. Tangu 2014 zipo nyingi za kugeuka kwa hatua moja, ambazo sisi wazee tulizidharau sana zilipotoka, tukasema ni za watoto. Kumbe ndiyo! Mimi nilianza na gari la waya lenye magurudumu ya malapa, halikugeuka kuwa kitu chochote, na nililisukuma kutoka Chang'ombe mpaka sokoni.

Kwenye hii yako mpe kazi ya video. Yeye ashike simu, asimamishe picha kila hatua, akusomee: sasa mlango, sasa bega. Watoto wa umri huo wanaona gumba lililogeuka haraka kuliko sisi. Na kama baada ya jaribio la pili kibao bado kimesimama, njoo nayo Majengo ikiwa roboti, si lori, imezungushiwa taulo. Mlete na yeye. Skrubu za humo ndani ni ndogo kuliko punje ya ulezi, na macho yangu yameanza kuzikataa.